Jani Lililokunjamana, Kitumba Kilichodondoka na Chozi Asiyekuja: Utatuzi wa Matatizo ya Okidi na Ndege katika Bustani za Moshi na Arusha

Katika bustani ya nyumbani yenye okidi na ndege, dalili moja huweza kuletwa na sababu mbili zinazopingana, na tiba ya sababu ya kwanza ikaongeza madhara ya sababu ya pili. Okidi yenye kiu hukunjamana majani, na okidi iliyooza mizizi kwa kunyweshwa kupita kiasi nayo hukunjamana vilevile. Kitumba huweza kudondoka kwa ukame, kwa moshi wa jikoni, kwa baridi ya ghafla au kwa mdomo wa ndege. Kwa hiyo namwomba msomaji asishike chupa yoyote ya dawa kabla hajatazama mizizi, hajageuza jani na kulitazama upande wa chini, na hajakaa kimya bustanini walau nusu saa ya asubuhi. Mengi tunayoyaita magonjwa ya okidi ni matatizo ya maji, hewa na mwanga, na mengi tunayowalaumu ndege kwayo tumeyaleta sisi wenyewe.

Hali ya hewa ya mahali ulipo ni jambo la kwanza kulifikiria. Mimi nalima Moshi mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ambako mchana wa Januari na Februari joto hupita nyuzi 30. Dada yangu analima Njiro, Arusha, mji ulio karibu mita 1,400, ambako usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12. Tuligawana okidi moja ya aina ya Dendrobium kutoka chungu kimoja, na hadi leo mimea hiyo miwili haiishi maisha yanayofanana: yake hunywa maji mara moja kwa wiki katika miezi ya baridi, yangu mara mbili, na maua ya kwake huchelewa. Ratiba ya kunywesha aliyokupa rafiki wa mji mwingine ichukue kama habari tu, usiifuate kama sheria.

Majani yamekunjamana na kulegea

Hii ndiyo dalili inayoua okidi nyingi zaidi katika miji yetu, kwa sababu mwenye mmea huona jani limelegea, huamini kwamba lina kiu, na huongeza maji katika chungu ambacho tayari kimejaa maji. Toa mmea chunguni polepole, ukung'ute, kisha bonyeza mizizi mmoja baada ya mwingine kwa vidole viwili. Mzizi mzima ni mgumu. Ukiwa mkavu una rangi nyeupe inayoelekea fedha, na ukilowa hugeuka kijani papo hapo, kwa kuwa umefunikwa na tabaka laini kama sponji linalofyonza maji. Mzizi uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta kidogo ganda lake hutoka lote na kubakiza kiini chembamba kama uzi. Mzizi uliokufa kwa kiu nao ni mwembamba, mkavu na mwepesi kama jani la mgomba lililokauka, wala hauna majimaji yoyote. Ukishaishika mizizi ya aina hizi tatu mara moja, hutaichanganya tena.

Kama mizizi imeoza, chanzo karibu siku zote ni udongo. Okidi nyingi tunazofuga, zikiwamo Phalaenopsis, Cattleya, Vanda na Dendrobium, kwa asili hukaa juu ya matawi ya miti bila kuinyonya miti hiyo, na mizizi yake imezoea kulowa kwa mvua na kupigwa na upepo baada ya muda mfupi. Udongo wetu wa miteremko ya Kilimanjaro uliochanganywa na samadi, ambao umelea migomba na kahawa katika vihamba kwa vizazi vingi, kwa mizizi ya namna hiyo ni kaburi. Kata sehemu yote iliyooza kwa wembe uliopitishwa kwenye moto na kupoa, uache mmea kivulini siku moja au mbili ili majeraha yakauke, kisha uupande upya katika mchanganyiko wa vipande vya magome, mkaa uliovunjwavunjwa kwa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na makumbi ya nazi. Makumbi yanayotoka pwani huwa na chumvi. Yaloweke siku tatu au nne ukibadilisha maji kila siku kabla ya kuyatumia. Walio karibu na machimbo wanaweza kuongeza vipande vya yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo hayaozi na hupitisha hewa vizuri mno. Chungu kiwe na matundu mengi chini na hata ubavuni, wala kisiingizwe ndani ya chombo cha urembo kinachotuamisha maji.

Kama mizizi ni mizima lakini mikavu, tatizo ni kiu kweli, na tiba yake ni rahisi: zamisha chungu katika ndoo ya maji kwa dakika 15 hadi 20, kisha kitoe kichuruzike kabisa. Usikate tamaa ikiwa jani lililokunjamana halitanyooka. Jani kuukuu la Phalaenopsis huenda lisirudi kabisa lilivyokuwa, na kipimo cha uzima ni jani jipya linalochomoza katikati. Kuna pia mikunjo midogo inayofanana na feni ya karatasi, ambayo huonekana zaidi kwenye Oncidium. Hiyo ni kumbukumbu ya ukavu uliopita wakati jani lilipokuwa likikua, na haifutiki.

Maji yatiwe asubuhi. Maji yanayobaki usiku kucha katika kitovu cha Phalaenopsis, pale majani yanapokutana, huozesha moyo wa mmea, na moyo ukishaoza ni nadra mmea kupona. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, okidi za vyunguni ziwekwe chini ya kipenu. Wakati huo yangu hupita hata siku kumi bila tone la mkono wangu.

Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia

Kwa wakazi wa Arusha swali la kwanza ni maji ya bomba au ya kisima. Vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo yaliyoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wengi waliozaliwa huko. Mimea nayo huyahisi. Masale, ambayo Mchaga hulibeba jani lake anapokwenda kuomba msamaha, ni ya jamii ya Dracaena inayojulikana kuungua ncha kwa floraidi. Kwa hiyo ukiona masale ya chunguni yanayonyweshwa maji yaleyale nayo yameungua ncha, umepata shahidi wa pili. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na madini hubaki. Kinachosaidia ni maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga inayofuata katika pipa lenye mfuniko.

Ikiwa juu ya mchanganyiko au kwenye ukingo wa chungu kuna utando mweupe kama chumvi, mbolea ndiyo iliyozidi. Pitisha maji safi mengi chunguni kwa dakika kadhaa mara moja kwa mwezi, na ukiweka mbolea ya NPK tumia robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Samadi mbichi haifai kabisa, kwa kuwa huziba hewa na kuunguza mizizi.

Kuna doa kubwa katikati ya jani

Ligusa. Doa lililo kavu, jeupe au la rangi ya majani makavu, lenye mpaka ulio wazi na lililo upande unaoelekea jua, ni la kuungua. Hili hutokea sana Arusha kuanzia Agosti hadi Oktoba kwa watu walioning'iniza okidi zao chini ya mijakaranda, mti ambao hupukutisha majani yake katika kiangazi kabla ya kuvaa maua yake ya zambarau, hivyo kivuli ulichokitegemea Mei hakipo tena Septemba. Sogeza okidi chini ya mparachichi au mruka, au tandaza wavu wa kivuli. Doa lenyewe halihitaji dawa.

Doa lililo laini, lenye majimaji, linalopanuka kwa siku moja au mbili na kutoa harufu mbaya, ni kuoza kunakoletwa na bakteria, na hapo usingoje kesho. Kata jani sentimita mbili ndani ya sehemu nzima, pitisha wembe kwenye moto baada ya kila mkato, paka unga wa mdalasini juu ya jeraha la jani tu bila kuufikisha kwenye mizizi, kwa kuwa unga huo huikausha, na utenge mmea huo. Michirizi ya manjano au madoa meusi ya duara yanayojirudia kwenye kila jani jipya, hata baada ya mmea kutunzwa vizuri, yaweza kuwa ya virusi. Virusi vya okidi havina dawa na huenezwa na wembe wetu wenyewe, na ingawa huniuma kusema hivyo, mmea wa namna hiyo huchomwa.

Vitumba vinadondoka kabla ya kuchanua

Okota kitumba kilichodondoka. Kama ni kizima na kimegeuka manjano kuanzia kwenye kikonyo, mmea wenyewe umekiangusha, na sababu ni mshtuko: kuhamishwa, upepo baridi wa dirishani, ukame wa siku chache, au gesi ya ethilini. Hii ya mwisho ni ya nyumbani kwetu hasa. Ndizi zinazoiva hutoa ethilini, na moshi wa kuni na mkaa nao unayo, ndiyo maana wazee wetu walivundika ndizi kwa moshi. Phalaenopsis iliyowekwa sebuleni karibu na mkungu uliovundikwa, au karibu na mlango wa jiko la mkaa, hupoteza vitumba vyote kwa siku chache, na mwenye nyumba akadhani amerogewa mmea wake. Nimeshauliza majirani wengi wanaolalamika kuhusu vitumba, na mara nyingi ndizi zilikuwapo katika chumba hichohicho. Mmea au mkungu, kimoja kihame.

Kama hukuona kitumba chini bali umeona kikonyo kilichonyofolewa kwa ukali, tazama mchana. Kuzumburu, ndege wa rangi ya kijivu na kahawia mwenye kishungi na mkia mrefu mwembamba, anayepanda matawini kama panya akiwa katika kundi, hula matunda, majani machanga na vitumba. Shore, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, naye huonja. Siwafukuzi kwa manati, wala sipendi mtu yeyote afanye hivyo. Natundika papai lililoiva sana upande wa pili wa uwanja, mbali na vyungu, na vitumba vya thamani navifunika kwa chandarua kisicho na dawa, kilichovutwa vizuri kisiwe na sehemu iliyolegea, hadi maua yatakapokomaa. Wavu wenye matundu makubwa unaolegea ni mtego. Miguu na mbawa hunasa humo, na ndege hufa akining'inia.

Kama kitumba kina tundu, au ncha ya mzizi wa kijani imetafunwa, na asubuhi kuna njia ya ute unaong'aa, mhalifu ni konokono, mwenye gamba au asiye nalo. Toka na tochi saa tatu usiku umwokote kwa mkono. Bakuli la mbege (pombe ya ndizi) iliyochacha likifukiwa hadi usawa wa ardhi huwavuta kwa harufu yake, nao huzama. Vidonge vya sumu ya konokono navikataa: mbwa huvila wakafa, na ndege wanaookota wadudu chini nao huingia hatarini.

Mmea una afya lakini hautoi maua

Tazama rangi ya jani. Kijani kilichokolea sana ni dalili ya giza, ingawa wengi hufurahia rangi hiyo. Okidi inayopata mwanga wa kutosha ina kijani chepesi kama nyasi changa. Isogeze kwenye jua la asubuhi, polepole, kwa wiki mbili au tatu.

Phalaenopsis huhitaji pia wiki kadhaa za usiku wenye nyuzi 15 hadi 18 ili itoe bua la maua. Moshi mjini inaweza isiipate baridi hiyo ndani ya nyumba mwaka mzima, kwa hiyo Juni na Julai yangu hulala barazani. Arusha shida ni kinyume chake: usiku wa miezi hiyo huweza kuwa baridi mno kwa Phalaenopsis na Vanda, na dada yangu huziingiza ndani jua linapozama. Dendrobium za jamii ya nobile, kwa upande wake, hutaka mapumziko ya ukavu na ubaridi. Zinyime mbolea na upunguze maji katika miezi hiyo, wala usikate mashina yake makuukuu yaliyopoteza majani, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yatakayochanua.

Majani yananata, na kuna masizi meusi juu yake

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu wanaofyonza mmea. Fuata sisimizi, kwa kuwa wao huwafuga wadudu hao kwa ajili ya utamu huo na watakuonyesha njia. Vidukari huwa kwenye bua la maua na vitumba. Vidugamba, wenye umbo la vigamba vidogo vya kahawia, hushika mshipa wa chini ya jani. Vidung'ata, wenye unga mweupe kama pamba, hujificha kwenye makwapa ya majani na hata mizizini. Kwa bustani ya vyungu ishirini au thelathini, pamba iliyochovywa kwenye spiriti inatosha kuwafuta mmoja mmoja, na kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji kinatosha kunyunyizia vidukari jioni, baada ya nyuki kurudi mizingani. Rudia kila baada ya wiki moja, mara tatu au nne, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye.

Hapa lazima nieleze kosa langu. Mwaka mmoja, wakati wa vuli, nilitumia dawa ya kunyunyizia kahawa iliyokuwa imebaki stoo, nikanyunyizia okidi zote pamoja na mihibiskasi iliyojaa vidukari. Vidukari waliisha kwa siku mbili. Katika mhibiskasi mmoja palikuwa na kiota cha ndege mdogo aitwaye chozi chenye makinda wawili; wazazi walikuwa wakiwalisha tangu alfajiri, na siku ya tatu makinda wote walikuwa wamekufa, nao wazazi hawakuonekana tena msimu ule. Chozi mzima hunywa asali ya maua, lakini makinda wake huwalisha wadudu na buibui, na nyuzi za buibui ndizo anazoshonea kiota. Niliwaondolea chakula na vifaa vya ujenzi kwa mnyunyizo mmoja, na pengine niliwalisha sumu moja kwa moja. Tangu hapo sijaingiza dawa ya shambani katika uwanja wangu.

Ndege hawaji, au walikuwapo wakatoweka

Baada ya yaliyosemwa hapo juu, swali la kwanza ni dawa, na usiulize kuhusu yako tu bali na ya jirani. Dawa za punje zenye kabofurani ni za kuogopwa kuliko zote, kwa kuwa punje moja yaweza kumuua ndege mdogo anayeidhania mbegu. Sumu ya panya nayo humfikia bundi kupitia panya aliyeila. Na najua bundi hapendwi na wengi wetu, lakini bundi mmoja mwenye makinda hukusanya panya wengi kuliko mtego wowote uliopo ghalani.

Pili ni chakula. Bustani iliyojaa mawaridi na nyasi zilizokatwa chini kabisa inapendeza machoni pa watu, ila chozi haoni cha kunywa humo. Panda mshubiri, ambao maua yake mekundu huja katika miezi mikavu. Panda Leonotis yenye maua ya rangi ya chungwa. Na kama una nafasi ya mgomba mmoja tu, uache ukue, kwa sababu ua la mgomba lina asali nyingi na chozi hulijia tangu alfajiri. Kwa wanaotaka kutundika maji ya sukari, changanya sehemu moja ya sukari na sehemu nne za maji, bila rangi wala asali ya nyuki, na uyabadilishe kila siku katika joto la Moshi.

Shomoro, kwera na njiwa hufuata nafaka. Wape mtama au uwele mkavu, kidogo kidogo, na usiwape kamwe mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa sumukuvu huwadhuru ndege kama inavyotudhuru sisi. Ukiona ndege aliyefura manyoya, aliyesinzia mchana na asiyeogopa ukaribu wako, ondoa chakula chote kwa wiki mbili, osha meza, na uisogeze mbali na banda la kuku, kwa kuwa njiwa huweza kubeba kideri.

Tatu ni maji. Sufuria iliyojaa hadi juu haifai, kwa sababu ndege mdogo hazami kuoga. Anataka kina cha sentimita 2 hadi 5 na sakafu isiyoteleza. Sinia pana la udongo lenye mawe machache linatosha. Badilisha maji kila siku mbili, jambo litakalokata pia mzunguko wa mbu, ambaye huhitaji wiki moja hivi au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Sinia liwe mita mbili hivi kutoka kwenye kichaka, ili ndege apate pa kukimbilia lakini paka asipate pa kuvizia.

Chozi anapigana na kioo cha dirisha au cha gari

Mara nyingi ni dume, na anaona dume mwingine ndani ya kioo. Hutokea wakati wa kuzaliana na huweza kuendelea kwa wiki nyingi hadi achoke vibaya. Pazia la ndani halisaidii, kwa kuwa taswira iko upande wa nje. Paka kioo povu la sabuni upande huo, au kifunike kwa gazeti, na kioo cha gari kivishe soksi kuukuu. Ndege anayegonga dirisha kwa kasi mara moja na kuanguka ana tatizo jingine: ameona taswira ya miti akaidhania njia. Kwa huyo ning'iniza kamba nyembamba nje ya kioo zilizoachana si zaidi ya sentimita 5. Aliyezimia mweke ndani ya boksi lenye giza na matundu kwa saa moja, bila maji wala chakula, kisha ulifungue nje.

Vanila inachanua lakini haizai

Vanila ni okidi, na asili yake ni Meksiko. Huku kwetu chozi hawezi kuichavusha, wala nyuki wetu. Ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, hivyo lichavushwe kwa mkono kabla ya adhuhuri, kwa kijiti, ukiinua kile kiwambo kinachotenganisha chavua na kipokeo na kuvibana pamoja kwa kidole gumba. Njia hii iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, na dunia nzima inaifuata mpaka leo. Ganda hukomaa baada ya miezi tisa hivi.

Okidi nyeupe ya asili haina harufu

Inusie saa mbili usiku. Aerangis na Angraecum za misitu yetu, zenye maua meupe na mkia mrefu wa asali nyuma, huwaita nondo, na nondo huruka gizani. Ikiwa mmea wako umetoka katika tawi lililoanguka barabarani, utunze kwa uangalifu. Ila kilicho ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro au ya Arusha hakichukuliwi, hata kama kimelala chini, na okidi zote za dunia ziko katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe pori.

Chozi amejenga kiota kwenye okidi iliyoning'inizwa

Utakiona kama kifuko cha nyasi na nyuzi za buibui kikining'inia kwenye bua la maua au kwenye mnyororo wa kikapu, na huenda ukahofia kwamba mmea utakufa kwa kiu. Hautakufa. Jike huatamia kwa takriban wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine au zaidi kidogo. Okidi yenye mizizi mizima huvumilia muda huo kwa maji machache. Usikihamishe kikapu hata kwa hatua moja, kwa kuwa wazazi hukitafuta mahali palepale. Mwagia maji kwa kikombe, ubavuni mwa mchanganyiko, jike anapokuwa ametoka kutafuta chakula, na usinyunyizie chochote, hata sabuni. Bua hilo la maua lisikatwe hata likikauka. Makinda wakiondoka, subiri wiki moja zaidi, kwa kuwa jike huweza kurudi kutaga tena. Asiporudi, kitoe kiota taratibu, kagua makwapa ya majani yaliyokuwa chini yake kama kuna vidung'ata, kisha zamisha kikapu katika maji ya mvua kwa dakika 20 na ukirudishe kwenye ndoano ileile.